Binti wa Konde anauliza: nikisomea uhifadhi, nitapata kazi Pemba?

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni binti wa Konde, Pemba. Nimemaliza kidato cha sita kwa Kemia, Baiolojia na Jiografia. Msitu wa Ngezi uko jirani na kwetu na tangu utotoni napenda mambo ya wanyama, kwa hiyo nataka kuwa mwanabaiolojia wa uhifadhi. Baba anataka nisome ufamasia. Anasema wanyama wako Bara, na huku kwetu kazi ni kutembeza watalii tu. Je, kazi ipo kweli? Nisome nini? Naweza kuifanya hapahapa Pemba, au lazima nihamie Serengeti?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu limebeba mengine yote. Serengeti si lazima. Kule watafiti wamepiga kambi tangu miaka ya 1960, na simba wake wanajulikana mmoja mmoja. Visiwa vyetu navyo vimepata watafiti wazuri, lakini wengi ni wageni wanaokuja kwa miezi michache, wanakusanya takwimu zao, wanaandika, wanaondoka. Kinachopungua ni mtu wa hapa anayebaki mwaka hadi mwaka, anayejua kusi limeanza lini na bamvua limeangukia siku gani, na ambaye mvuvi wa Kojani au mkulima wa Pete hamwonei haya kumwambia ukweli. Ukiniuliza mimi, wewe wa Konde unayetaka kubaki Konde una thamani kubwa kwa kazi hii kuliko unavyodhani.

Kuhusu wanyama kuwa Bara, mwambie mzee wako kwa adabu kwamba ni kweli tembo wako Bara. Ila kima punju asili yake ni Unguja tu, na hao wachache walioko Ngezi walipelekwa miaka ya 1970. Popo mkubwa wa Pemba hapatikani penginepo duniani. Ndege wanne ni wa Pemba peke yake: bundi, ninga, chozi na yule mdogo mwenye duara jeupe jichoni. Mpapindi unaouona Ngezi nao asili yake ni Pemba. Paa nunga amebaki Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Kisiwa hakina akiba pembeni. Chui wa Unguja aliwindwa baada ya Mapinduzi katika kampeni zilizochanganya uwindaji na vita dhidi ya wachawi, kwa kuwa watu waliamini anafugwa na wachawi. Hadi leo wako wanaoapa wamesikia habari zake, lakini wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ametoweka. Mnyama wa kisiwa akishatoweka, hakuna pa kwenda kumchukua mwengine.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wanaoniuliza wanadhani mwanabaiolojia wa uhifadhi hushinda msituni na darubini. Msituni tunakwenda, na zipo siku tamu sana. Lakini hapa kwetu hakuna msitu usio na mwenyewe wala mwamba usio na mvuvi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773, kutoka 1,303,569 mwaka 2012. Hao wote wanahitaji kuni, matofali, samaki na mahali pa kujenga. Kwa hiyo kazi yetu ina nusu mbili. Ya kwanza ni kuhesabu vizuri. Ya pili ni kukaa na watu wanaoishi na hicho unachokihesabu hadi hesabu ile iwe yao pia. Anayejua nusu moja tu huandika ripoti nzuri, na msitu ukaendelea kukatwa.

Popo wa Pemba ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote, na ni wa kwenu. Ni popo anayekula matunda, na mabawa yake yakitandazwa hupita mita moja. Nyama yake ilipendwa. Bunduki na nyavu zilipozidi, na miti mikubwa anayolala ikaendelea kukatwa, kufika mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amekaribia kumalizika. Wataalamu waliokuja kumhesabu walikuta makundi machache, na mengine yamekimbilia miti ya makaburini na ya mizimu ambayo watu waliogopa kuikata. Hilo peke yake lilikuwa somo: imani za wazee zilikuwa zimelinda kile ambacho hakuna ofisi iliyokilinda.

Idara ya Misitu na washirika wake wakaenda vijijini. Wanavijiji wakaunda vilabu vya kulinda miti ya popo, skuli zikafundisha kwamba popo ndiye anayesambaza mbegu za miti ya matunda na ya msituni, na watu wakakubaliana kuacha kuwinda kwenye miti hiyo. Katika kijiji cha Kidike wageni wakaanza kuja kumtazama, na kiingilio kikawafaa watu wa pale. Kufika mwaka 2006 hivi popo walikadiriwa kuwa karibu 20,000, na katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini akashushwa daraja mbili, kutoka hatari kubwa kabisa.

Itazame sehemu ya mwanabaiolojia katika kisa hicho. Alitafuta miti ya kulala yote, akapanga makundi yahesabiwe magharibi popo wanapotoka kwenda kula, maeneo ya jirani kwa wakati mmoja ili popo mmoja asihesabiwe mara mbili, kisha akarudia kila mara kwa njia ileile. Pasingekuwa na hesabu hiyo, hakuna ambaye angejua kama kuacha kuwinda kunasaidia. Na hesabu nayo bila wanavijiji ingekuwa ni kuandika tarehe ya mazishi. Mchango wa wanavijiji ulikuwa mkubwa kuliko wetu, na mwanabaiolojia aliyelelewa vizuri hulisema hilo hadharani.

Unguja tuna kisa cha kima punju na nazi. Wakulima waliopakana na msitu wa Jozani walilalamika miaka mingi kwamba kima anawamalizia minazi. Watafiti hawakuwabishia. Walikwenda kuhesabu, mnazi kwa mnazi, kima wanakula nini na mavuno yanakuwaje. Wakakuta kima wanakula zaidi nazi changa, vile vidaka ambavyo vingi vyake mnazi wenyewe ungevipukutisha, na kwamba minazi waliyoitembelea sana haikuzaa nazi chache. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999. Unaweza kudhani ugomvi uliishia hapo. Mkulima hashibi kwa kuambiwa amekosea, na kima yule kwenye mazao mengine alikuwa akila kweli. Kilichotuliza mambo ni kwamba mapato ya watalii wa Jozani yalianza kugawiwa vijiji vya jirani, na vijiji vikawa na sauti katika kusimamia msitu. Mwaka 2004 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Mgao wenyewe bado una manung'uniko yake, na kuyasikiliza ni sehemu ya kazi.

Jozani ndiko pia nilikoona namba ndogo inavyoweza kubadilisha barabara. Njia ya kusini inapita katikati ya makazi ya kima, na kabla ya matuta kuwekwa alikuwa akigongwa kima mmoja kila wiki mbili au tatu. Baada ya matuta manne kujengwa, ikawa mmoja kila wiki sita hivi. Hoja hiyo haikuhitaji maabara. Ilihitaji mtu wa kuandika kila mzoga: tarehe, mahali, dume au jike, mkubwa au mtoto. Hata wewe leo unaweza.

Usidhani hesabu daima huleta habari ya kufurahisha au ya kuhuzunisha moja kwa moja. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya sensa ya kima punju ya Unguja nzima: zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko wengi walivyotarajia, na takriban saba katika kila kumi wako ndani ya maeneo yanayolindwa. Watu wakashangilia. Lakini sensa hiyohiyo ilionesha kwamba watoto wanaofikia ukubwa ni wachache, hasa nje ya hifadhi. Kundi linaweza kuonekana kubwa huku linazeeka. Kuisoma namba hadi ndani namna hiyo ndiko unakokwenda kujifunza chuoni, na ndiyo sababu nitakusisitizia takwimu mbele kidogo.

Niseme na la baharini, maana Pemba ukiitoa bahari hujabakisha kitu. Machi 2024, Kisiwa Panza, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Kabla ya hapo, Novemba 2021, Pemba ilikuwa imeshapoteza watu 7 kwa sababu hiyohiyo. Nyama ya kasa mara nyengine hubeba sumu, ambayo inadhaniwa anaipata katika vyakula anavyokula baharini. Haijulikani kwa kumtazama, kupika hakuiondoi, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Mtaalamu wa uhifadhi anaingiaje hapo? Kasa analindwa na sheria, na mtu mwepesi angesema "tuliwakataza". Mtu wa namna hiyo hafai kazi hii. Panza ulikuwa msiba. Unakwenda kuhani kwanza. Kisha, wakati watu wenyewe wakiuliza, unaeleza pamoja na daktari na sheha, kwa Kiswahili kilichonyooka, ili mama ajue kwa nini sufuria ile ni hatari kwa mwanawe. Kasa atanusurika humohumo.

Kuhusu pweza nitakuwa mfupi, ingawa ningeweza kuandika kitabu. Pweza wetu huishi mwaka mmoja hadi miwili na hukua kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo kijiji kikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu, siku ya kufungua wanatoka pweza wazito. Shirika la Mwambao limefanya kazi hiyo na vijiji kadhaa, Kisiwa Panza kikiwemo. Baiolojia yake ni nyepesi. Kazi ngumu ni kukubaliana nani alinde, nani aingie kwanza siku ya kufungua, na vipi wanawake wanaochokoa kwa miguu maji yakitoka wasikute wapiga mbizi wameshamaliza. Ukienda huko na mzani wa kupimia pweza bila subira ya vikao, rudi nyumbani.

Na Misali unaijua. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alikifanya kisiwa kile msala akasali. Kilipotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, wavuvi wengi, na wale wa dago wanaopiga kambi, waliona serikali imekuja kuwafungia riziki. Mafunzo yaliyofuata yalitumia Kur-ani na hadithi: bahari ni amana, mwanadamu ni khalifa juu ya ardhi, ufujaji umekatazwa. Maimamu na walimu wa madrasa wakawa walimu wa uhifadhi. Mwaka 2005 Misali ikaingizwa ndani ya hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Mimi naamini kwa dhati kwamba mwanabaiolojia wa Pemba asiyejua kuzungumza na imamu amepungukiwa na chombo muhimu kuliko darubini. Wewe uliyekulia chuo cha Kur-ani kwa maalimu tayari unacho.

Haya, masomo. Mchepuo wako unatosha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori, na Sokoine, Morogoro, wanafundisha usimamizi wa wanyamapori. Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro, kinafaa zaidi anayetaka kusimamia hifadhi kwa vitendo. Ukielemea bahari, hapa Unguja tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu mwaka 1978, ambayo itakufaa hasa kwa shahada ya pili. Jina la shahada lisikusumbue sana. Tazama orodha ya masomo: kama hamna ikolojia, takwimu na kazi ya uwandani, tafuta kwengine. Takwimu ndiyo wanafunzi wengi huikwepa, na ndiyo inayotenganisha anayeajiriwa na asiyeajiriwa. Jifunze programu ya takwimu iitwayo R na ya kuchora ramani, zote za bure. Jifunze kuandika Kiingereza safi kwa ripoti, kisha jifunze kuiandika ripoti hiyohiyo upya kwa Kiswahili, kurasa mbili, isomwe kwenye mkutano wa shehia.

Na ajira? Hapa mzee wako ana hoja, nisikudanganye. Nafasi za serikali ni chache na hazitangazwi kila mwaka. Kazi za miradi hulipa vizuri kisha mradi unaisha. Mfamasia atapata kazi upesi kuliko wewe. Lakini jua milango iko wapi, maana wengi hugonga isiyo yao. Misitu na uvuvi wa Zanzibar si mambo ya Muungano, kwa hiyo anayetaka Jozani au Ngezi haandiki barua TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Bara, anaandika Idara ya Misitu ya Zanzibar. Hifadhi za bahari ziko kwenye wizara yenye dhamana ya uvuvi, na utafiti wa uvuvi una taasisi yake, ZAFIRI. Mamlaka ya mazingira, ZEMA, husimamia tathmini za athari za mazingira, na kila hoteli kubwa inayotaka kujengwa inahitaji tathmini hiyo: kazi ya kuziandika kwa uaminifu ipo, na waaminifu wanahitajika sana. Kuna mashirika kama Mwambao, na hifadhi binafsi ya Chumbe, ambayo tangu miaka ya 1990 imewaajiri waliokuwa wavuvi kuwa walinzi wa matumbawe. Kuna ualimu pia. Mwalimu wa Baiolojia wa skuli ya Micheweni anayepeleka wanafunzi Ngezi kila muhula ni mhifadhi kama mimi.

Kutembeza watalii nako usikudharau. Wapo watembezaji Jozani wanaojua makundi ya kima kuliko wenye shahada, na kipato chao kimesomesha watoto.

Hukuuliza, lakini huenda ndani ya nyumba linasemwa: mwanamke na msitu wapi na wapi? Dkt. Narriman Jiddawi amefanya kazi miaka mingi na wanawake wa vijiji vya pwani katika ufugaji wa chaza na lulu. Dkt. Flower Msuya ndiye aliyehangaika na mwani wakati bahari ilipopata joto na aina yenye bei nzuri ikawa inakufa ufukweni, akawafundisha wakulima kuupanda kwenye maji ya kina kwa nyavu za mrija. Wote wawili ni wanasayansi wa bahari waliojenga kazi zao hapa Unguja. Na wachokoaji pweza, waokotaji chaza na wakulima wa mwani wengi ni wanawake. Yako mambo watakwambia wewe ambayo mimi mwanamume sitaambiwa maishani.

Usingoje chuo ndipo uanze. Nenda kituo cha msitu pale Ngezi, jitambulishe, omba kujitolea. Chagua kiumbe kimoja. Ningekuwa wewe ningemchukua bundi wa Pemba, kwa sababu watu wanamwogopa wakidhani analeta kifo, na kwa sababu huhesabiwa kwa sikio, huhitaji kifaa cha bei. Panga vituo vitano kando ya njia ya msitu, vitenganishwe kiasi cha kutosikia bundi yuleyule mara mbili. Baada ya magharibi simama dakika kumi kila kituo, uandike wangapi wamelia, upande gani, mwezi ukoje, upepo ukoje. Usiku usiende peke yako: mlinzi wa msitu awepo, na ndugu yako. Rudia kila mwezi kwa saa ileile na njia ileile, na usiku usiosikia kitu uandike sifuri, kwa kuwa sifuri nayo ni taarifa. Kumbuka kwamba kujitolea chini ya kituo ni sawa, lakini siku utakayotaka kukamata ndege au kuchukua sampuli, hata jani, utahitaji kibali cha maandishi.

Ukifanya hivyo mwaka mzima utakuwa na daftari ambalo waombaji wengi wa kazi hawana hata baada ya shahada. Na mzee wako atakuwa ameshaona kwa macho yake kama jambo hili limekukaa moyoni au ni la kupita. Kwenye maombi ya vyuo weka uhifadhi, na ufamasia pia kama mchepuo wako unakubalika huko, umwoneshe kwamba umemsikia. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu Zanzibar yatayarishe mapema, vyeti vyote vikiwa vimethibitishwa, maana kila mwaka nawaona vijana wenye alama nzuri wakikwama kwenye karatasi. Barua ya Ngezi iandike wiki hii kabla masika hayajaharibu njia, utaje siku unazoweza kufika, na mwombe baba aiwekee saini kama mzazi.